Vyungu Viwili vya Damari

Siku ile majibu yalipohama, Damari alikuwa nje ya shule, upande wa nyuma, akikipumzisha kichwa chake kwa kuutua mzigo wa vyungu kabla ya kuteremka sokoni Lyulilo. Kuta za shule zilikuwa za mianzi, na mianzi haifichi neno. Alisikia kila kitu, tangu mwanzo mpaka aibu.

Ndani, mumewe, Mwalimu Andrea, alikuwa amewasimamisha watoto ishirini na watatu mbele ya Bwana Kestner, Mdachi wa misheni aliyekuwa akikagua shule za ufukweni. Somo lilikuwa elimu ya vitu vya dunia. Kitabu chake kilikuwa na maswali arobaini na majibu arobaini, na watoto walikuwa wameyashika yote kwa mfuatano, wakiyaimba kila asubuhi mpaka wavuvi nao wakayajua. Bwana Kestner akauliza la kwanza, wakajibu. La pili, wakajibu. La tatu na la nne, barabara kabisa. Andrea akaanza kutabasamu. Kisha Bwana Kestner, kwa kuchoka au kwa makusudi, akaruka swali la tano.

"Samaki huvuta pumzi kwa kitu gani?"

"Yakichemka huwa mvuke!" wakajibu watoto kwa sauti moja.

Bwana Kestner akaendelea na linalofuata. "Mwezi huipata wapi nuru yake?"

"Kwa matamvua yake!"

"Na chuma hupata kutu kwa njia gani?"

"Huipata kwa jua!"

Wangeweza kwenda hivyo hivyo mpaka arobaini, wamekosea yote na hawajakosea hata moja. Damari, Mungu amsamehe, alicheka kwanza. Alijiziba mdomo kwa ncha ya nguo yake, mabega yakimtikisika. Ndipo akasikia kitabu kikifungwa, pa, na kicheko kikamkauka.

"Umewafundisha wimbo, mwalimu," Bwana Kestner alisema. "Hukuwafundisha kitu. Haya, nijibu wewe mwenyewe. Mvuke ni nini?"

"Ni maji yaliyochemka, Bwana."

"Kwa nini yakichemka yanaondoka? Yana haraka gani?"

Watoto wakamtazama mwalimu wao, na mwalimu wao akakitazama kitabu kilichokuwa mkononi mwa mwenzake.

"Nitarudi meli itakaporudi, baada ya majuma sita," Bwana Kestner akasema, wala hakupandisha sauti. "Nikiukuta wimbo huu, shule naifunga. Watoto watakwenda Ngonga. Nawe utarudi shambani kwa baba yako."

Na huyo baba yake alikuwamo mle mle ndani, ameketi juu ya kigoda chake karibu na mlango. Mzee Ambilikile ndiye aliyeutoa uwanja wa shule, na kwa hiyo kila ukaguzi alikuja kuona uwanja wake unafanyiwa nini. Alikohoa, akasema kwa Kinyakyusa ili mgeni asielewe, lakini watoto wote wakaelewa: "Mwanangu hakijui anachokisema."

Damari alijitwika mzigo wake upesi, akapita njia ya migombani. Hakuwa na hiari. Miaka tisa tangu aolewe hakuwa ameuona uso wa baba mkwe wake, wala mzee hakuwa ameuona wake. Mkwe wa kike humwepuka baba wa mumewe. Hukwepa njia yake, hajibu sauti yake, halitaji jina lake. Misheni ilikuwa imesema mara nyingi kwamba Wakristo waiache desturi hiyo. Watu waliitikia amina, wakaendelea kuepukana.

Jioni ile Andrea hakugusa chakula. Aliketi mlangoni, kitabu magotini. Tusekile, binti yao wa miaka minane, aliyekuwa amepaza sauti kuliko wote kwamba mwezi una matamvua, alikuwa amejificha ndani kwa haya.

"Ngonga ni nusu siku kwa miguu," Andrea alisema. "Na mto Lufilyo katikati, na mamba wake. Nani atampeleka mtoto huko?"

"Hakuna," Damari akasema. "Hata wetu hatakwenda. Hebu niambie huo mvuke."

"Maji yakipashwa moto, yakichemka huwa mvuke."

"Hicho ni kitabu. Nimekuuliza wewe."

"Sasa nikuambie nini? Ndivyo ulivyo!"

"Basi huujui."

Andrea akaudhika. "Na wewe unaujua?"

"Tangu binti. Ulimuua dada wa bibi yangu."

Andrea akageuka, akamtazama kama aliyetukanwa. Damari alikuwa akipakua ndizi, hana habari.

"Miaka tisa, hujaniambia!"

"Hukuuliza. Wewe unauliza habari za Bwana tu." Akaweka kibuyu chini. "Mwaka ule Wangoni walipopita ufukweni, watu wetu, Wakisi wa Ikombe, walijificha kwenye miamba chini ya mlima. Hapakuwa na chakula. Bibi yangu na dada yake wakasema, tufinyange vyungu, tuvivushe kwa mtumbwi, tubadilishe na mtama. Walikuwa na haraka, watoto wanalia. Chungu hutakiwa kikae kivulini majuma mawili, kisha juani. Wao walivipa siku tatu, wakavitia motoni mchana, moto mdogo usio na moshi mwingi. Vikapasuka. Kimoja, kingine, kingine. Pa! Pa! Wangoni walikuwa njia ya juu. Wakasikia."

"Ee Mungu."

"Bibi alijitupa ziwani, akashikilia mtumbwi kwa chini, pua tu nje. Dada yake alikimbilia mlimani, hakurudi." Damari akakifunika chungu cha ndizi. "Baada ya vita wale wanawake waliobaki wakaketi kuulizana. Udongo ule ule. Mikono ile ile. Matete yale yale ya kila siku. Sasa nini? Wakaviokota vigae, wakakuta katikati ya kigae bado pana unyevu. Wakasema, ni maji. Yaligeuka, yakataka kutoka, hayakuona njia, yakajitengenezea."

"Lakini walijua tangu zamani kwamba chungu hukaushwa."

"Desturi waliijua. Sababu hawakuijua. Na mtu akiwa na desturi bila sababu, siku ya haraka anairuka." Akamsukumia sahani. "Kama Bwana alivyoruka lile swali lenu la tano. Kula."

Andrea hakula. Alikuwa amekifunga kitabu.

Kesho yake watoto ishirini na watatu walitembea kwa mstari kutoka shuleni mpaka pale Damari alipofinyangia, chini ya kibanda cha nyasi karibu na maji. Damari alikuwa hajawahi kuwafundisha watu, aliufundisha udongo tu. Mwanzoni alijifanya anakanda, akiwapa mgongo. Kisha mtoto mmoja akakanyaga donge lake zuri, Damari akamfokea, na baada ya hapo mambo yakawa rahisi.

Aliwapanga mbele ya vyungu vilivyokuwa vinakauka. "Weka shavu hapa. Sasa weka kwenye hiki. Kipi kina baridi?"

"Hiki!"

"Vyote vimekaa kivuli kimoja. Baridi imetoka wapi?"

Hapo watoto wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, maana wimbo wa kuwasaidia haukuwapo. Andrea akaitikia kwa maswali mengine. Aliwamwagia maji mkononi na kuwaambia wapulize. Aliwauliza kwa nini mtu aliyetoka kuoga ziwani hutetemeka hata jua likiwaka. Siku ya tatu walikwisha kusema wenyewe kwamba maji yakiondoka huchukua joto la mahali yalipokuwa, na chungu kinachotia baridi shavuni ni chungu ambacho bado kina maji ya kuondoka. Siku ya nne Damari aliwasimulia habari ya dada wa bibi yake. Watoto walisikiliza vinywa wazi. Hakuna aliyeambiwa akariri, na hakuna aliyesahau.

Kutoka hapo Andrea akawapeleka kwenye kifuniko cha chungu cha wali kinachochezacheza jikoni kwa mama zao, na kutoka jikoni akawapeleka kwenye meli ya Wadachi, ile inayopita ziwani ikifuka moshi. Aliwaambia jinsi watu wa mbali nao walivyokitazama kifuniko kikicheza, wakajiuliza kama nguvu ile haiwezi kufanya kazi, na jinsi walivyopasua mitungi mingi ya chuma na kuua watu wengi kabla hawajajua kuifunga vizuri.

"Nao walikuwa na haraka?" Tusekile akauliza.

"Nao walikuwa na haraka."

Maneno hayakukosa. Marita, mfinyanzi mwenzake Damari, alipita na mzigo wake akasema, "Mwe! Siku hizi wanawake wa Ikombe tunafundisha Wanyakyusa kusoma? Malipo yako ni nini, dada, chaki?" Wazazi wengine walinung'unika kwamba wamepeleka watoto wakaandike, wanarudi na matope mpaka masikioni. Na Mzee Ambilikile, aliyeletewa habari zote, alisema kwamba mtoto anayetaka matope hahitaji shule. Neno hilo lilimfikia Damari kabla ya jua kutua. Lilimuuma, akalimeza.

Majuma sita yakaisha. Meli ikatia nanga, Bwana Kestner akashuka na daftari lake.

Damari alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi mapema kuliko mtu yeyote. Kupitia upenyo mdogo aliona mgongo wa mumewe, jasho limeshika kanzu, na vichwa vya watoto. Kigoda cha mzee kilikuwa palepale karibu na mlango. Upande huo hakutazama.

Bwana Kestner alianza na swali la thelathini na moja. Kisha la tisa. Kisha la ishirini na mbili. Watoto walijibu mengine, mengine wakasema, "Hatujui, Bwana, bado hatujafika." Bwana Kestner akaandika kitu. Kwa sura yake haikujulikana kama ameandika jema au baya.

"Mvuke ni nini?"

Tusekile akanyoosha mkono. "Ni maji yanayotafuta njia ya kutoka, Bwana."

"Hilo halimo kitabuni."

"Halimo, Bwana."

"Nani amekufundisha?"

Mtoto akasimulia. Alisimulia yote: miamba, njaa, siku tatu badala ya majuma mawili, mlio, mtumbwi, vigae vyenye unyevu katikati. Alipomaliza akaongeza la kwake: "Na meli yako, Bwana, chungu chake cha maji kina tundu?"

Bwana Kestner akashangaa. "Kina. Lina kifuniko chake. Nguvu ikizidi kinafunguka."

"Afadhali," Tusekile akasema. "Kisingekuwa nalo kingepasuka nawe ukiwamo."

Watoto wakacheka. Andrea alifumba macho. Bwana Kestner hakukasirika, lakini hakucheka pia. Alipiga daftari kwa kidole.

"Mwalimu, mtoto ana akili. Lakini hiki ulichompa ni hadithi ya vita, si elimu. Chungu hupasuka kwa sababu ya udongo mbovu au mfinyanzi mvivu. Atajuaje kwamba ni mvuke? Kwa sababu bibi fulani alisema?"

Mfinyanzi mvivu! Nyuma ya ukuta damu ilimpanda Damari kichwani. Bibi yake, aliyefinyanga akiwa na mtoto mgongoni na Wangoni wakiwa njiani, aitwe mvivu na mtu aliyekuja kwa meli!

"Tunaweza kukuonyesha, Bwana," Andrea akasema haraka, kabla hajafikiri. "Vyungu viwili. Udongo mmoja, mkono mmoja, moto mmoja. Kimoja kikavu, kimoja bado. Ukiona tofauti, imetoka wapi kama si maji?"

"Vizuri," Bwana Kestner akasema. "Sasa hivi."

Andrea akatoka, akazunguka shule. Alimkuta mkewe amesimama, mikono kiunoni, macho mekundu.

"Damari, samahani. Nimetanguliza mdomo."

"Umeutanguliza kweli. Unajua unachoniomba? Kwetu hakuna mwanamke aliyepasua chungu kwa kujua tangu mwaka ule. Mama aliniapisha. Watu wa Lyulilo watasikia mlio, kesho nani atachukua chungu changu? Watasema vya Damari vinapasuka."

"Sema hapana, nitarudi nimwambie imeshindikana. Afunge."

Damari aliangalia chini. Alimfikiria Tusekile, yule aliyemwambia Mzungu *afadhali* bila hofu yoyote. Mtoto huyo angemaliza siku zake akifukuza ndege shambani, na ulimi ule ungekauka. Aliogopa jambo hilo kuliko kiapo.

"Na yule mzee?" akauliza kwa sauti ya chini. "Uwanja mzima ni wazi. Nitapita wapi?"

"Nitamwomba aondoke kidogo."

"Umfukuze baba yako kwenye uwanja alioutoa mwenyewe? Mbele ya mgeni? Thubutu!"

Walisimama hapo, hawana njia. Lakini mianzi haifichi neno, hata kwa walio ndani. Walisikia kigoda kikiburutwa. Mzee Ambilikile alikuwa ametoka. Alikipeleka kigoda chake hadi mwisho wa uwanja, akakigeuza kikaelekea ziwani, akaketi, mgongo kwa shule na kwa watu wote waliokuwamo.

"Kwa nini mzee huyu ananipa mgongo?" Bwana Kestner akauliza, uso umemwiva.

"Si wewe, Bwana," Andrea akasema. "Anampa mkwe wake nafasi ya kufanya kazi."

Damari akajifunika nguo kichwani, akaenda kibandani, akarudi na vyungu viwili vidogo. Vililingana kama mapacha. Kimoja kilikuwa na siku ishirini na tano, kingine siku tano. Alipita uwanjani kwa hatua za haraka, ingawa hakuna aliyemtazama vibaya na mzee hakugeuza hata sikio.

"Mwambieni Bwana aweke shavuni," alisema.

Bwana Kestner akaweka. Ndevu zake zilikuwa nyingi, hakusikia kitu. Watoto wakabana vicheko. Akasogeza mpaka chini ya jicho, mahali penye ngozi. "Hiki kina baridi," akasema polepole. "Hiki hakina."

"Maji yanatoka, Bwana," mtoto mmoja akasema, "yanaondoka na joto la shavu lako."

"Kipi kitapasuka?" Damari akauliza. "Achague yeye."

Bwana Kestner akakinyooshea kidole kile cha baridi. Alikuwa amekwisha kuelewa, naye alijijua.

Damari akapanga matete makavu na magome, akawasogeza watoto nyuma mpaka migombani, akatia moto. Alivipasha vyote viwili pembeni kwa muda mmoja, akavigeuza sawasawa, akaviingiza pamoja kwa kijiti kirefu. Kisha akarudi nyuma. *Mama, nisamehe,* alikuwa akisema moyoni. *Mama, ni kwa ajili ya mtoto.* Moto ulilia, majani ya migomba yakapeperuka, na kwa muda ikaonekana kama hakuna kitakachotokea. Andrea alianza kuumauma mdomo.

Pa!

Kigae kiliruka mpaka karibu na viatu vya Bwana Kestner. Watoto wakapiga kelele za furaha, maana ilikuwa kama walivyosema. Damari hakufurahi. Machozi yalimtoka palepale, mbele ya watu, na hakuyafuta. Ndio mlio ule. Alikuwa ameusikia kwa masimulizi maisha yake yote, na sasa aliusikia kwa masikio yake, na aliwaona wale dada wawili miongoni mwa miamba wakitazamana.

Mwisho wa uwanja, mzee alikuwa ameinuka nusu kwa mstuko. Akaketi tena bila kugeuka. "Endeleeni," akasema.

Wakangoja mpaka matete yakawa majivu. Damari akakitoa kile kingine kwa kijiti, chekundu, kizima. Kilipopoa akakigonga kwa kifundo cha kidole kikalia vizuri. Bwana Kestner alikuwa amechuchumaa, ameshika vipande viwili vya kile kilichopasuka, anatazama pale vilipovunjikia. Aliandika muda mrefu.

"Shule itabaki," akasema. Andrea akashusha pumzi kwa nguvu hadi watoto wakasikia. "Vyungu na moto, endelea navyo. Ila habari za Wangoni, mwalimu, uziache. Mvuke unatosha."

Kabla Andrea hajaitikia, sauti ikatoka mwisho wa uwanja, kutoka kwenye ule mgongo.

"Mwanangu, mfasirie Bwana. Kitabu chake nimekisikiliza mlangoni miaka minne. Sikushika neno. Leo nimeshika, na kilichonishikisha ni wale dada wawili. Habari ya vyungu vile kupasuka ilipotufikia mimi nilikuwa kijana, nikasema ni uchawi, na wenzangu wakasema ni uchawi, na kuna bibi mmoja tulimwonea kwa sababu hiyo. Hatukujua ni maji." Kisha akaongeza, "Habari ile isimuliwe yote. Na Jumatatu mimi nitakuja kuketi ndani, pamoja na watoto."

Andrea akafasiri neno kwa neno. Bwana Kestner alimtazama yule mzee asiyemtazama, kisha akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza.

"Basi isimuliwe," akasema.

Alasiri Andrea alishuka kibandani karibu anakimbia. Damari alikuwa ameketi, anakanda udongo.

"Baba anakuja! Umemsikia? Na amekwisha kuwaambia wazee wengine watatu. Wanasema wataleta na watoto wao wa kike. Ndaga fijo, mke wangu! Asante sana!"

"Nimesikia," Damari akasema. "Atakuja kila siku?"

"Kila siku ya somo. Amesema hataki kupitwa."

"Vizuri." Mikono yake haikusimama. "Basi mlango ule mimi nimefungiwa."

Furaha ilikuwa imemnyima Andrea akili; hata hakuwa amelifikiria. Mzee akiwamo, Damari hakanyagi. Si leo wala mwaka ujao. Na watoto wakija kibandani mzee atafuatana nao, maana amesema hataki kupitwa.

"Utakaa nyuma ya ukuta," Andrea akasema. "Utasema, nasi tutakusikia."

"Watoto hawa hujifunza kwa kutazama mikono. Ukutani wataona nini?"

"Basi nitamwambia asije. Nitamweleza vizuri, ataelewa."

"Usithubutu." Sasa mikono yake ikatulia. "Wazee wakimwona yeye ndani, nani atamzuia mtoto wake? Ameomba mwenyewe. Na ulisikia alivyosema juu ya yule bibi. Mtu akisema neno kama lile mbele ya watu, humfungii mlango." Akatazama maji. Alikuwa ameipenda shule ile kwa majuma sita kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alipenda jinsi watoto walivyobishana, alipenda kuitwa aje aamue nani amepata. Iliuma, na hakujidanganya kwamba haiumi. "Mimi nimemaliza. Kaa chini."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Utawafundisha wewe, basi ujue."

Andrea aliutazama udongo, akaitazama kanzu yake ya pekee. Mwanamume hashiki udongo ule. Si kwa Wakisi tu, hata Wanyakyusa walijua kwamba kufinyanga ni kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeonekana ameketi kwenye donge alichekwa mpaka kaburini. Njia ya kutoka Lyulilo ilipita hatua kumi tu kutoka kibandani, na saa ile watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni.

Akavua kanzu, akaiangika, akaketi.

Damari akampa donge, akamwonyesha jinsi ya kulibonyeza katikati kwa ngumi, kisha kuupandisha ukuta huku ukilizungusha. Lilisimama kidogo, likalala ubavu. Akaanza tena, likalala tena. Njiani vicheko vikaanza. Wanawake walisimama na vikapu vyao, na Marita akatua mzigo kabisa ili afaidi vizuri.

"Mwe! Njooni mwone! Mwalimu ameolewa Ikombe!"

"Na mahari yake nani amelipa?" mwingine akadakia, wakaangua kicheko.

Masikio ya Andrea yalikuwa ya moto. Aliinua uso, akawasalimu wote kwa heshima, mmoja mmoja, kama alivyofanya kanisani. Kisha akaliinamia donge lake lililolala, akaligeuza upande huu na upande ule, matope hadi viwikoni. Hakuona kosa liko wapi. Akamgeukia mkewe, na pale pale, watu wakiwa bado wanasikia, akauliza bila kucheka:

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Vicheko vya njiani vikapungua. Damari akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akajisogeza, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe, akaanza kumweleza.